Sakafu ya Mama Salome

Ifakara, Februari 1994

Mama Tabitha mke wangu,

Salamu zangu zikukute umekaa kitako. Goti lako linasemaje? Mimi mzima. Mbu wa huku wamenionja, wakakuta nyama ngumu, siku hizi wananisalimia tu na kupita. Nawe Bwana Katekista unayemsomea, usiruke mistari kama unavyoruka ibada ya mazishi jua likiwa kali.

Umeuliza kwa nini Krismasi imepita, wakwe wamekaribia kuja kumposa Tabitha, na baba mtu haonekani. Sina mwanamke huku. Nina sakafu.

Yule mjane mwenye mashine ya kukoboa mpunga, Mama Salome, alinunua nyumba kuukuu aikarabati, awapangishe madaktari. Tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu, kila mwenye mashine anataka na wapangaji. Kaka yake akamwambia aweke saruji, mbao ni mambo ya wafalme. Akajibu, "Saruji nimeimwaga mara mbili, udongo huu mweusi umeipasua mara mbili. Mpangaji wangu atakanyaga mninga." Mimi masikio yakanisimama kama paka aliyesikia habari za samaki.

Nikapanga mbao mwezi wa kumi, jua kali. Nikazibana toka ukuta hadi ukuta kama tunavyofanya huko Singida, hata wembe haupiti. Nikajisifu wiki nzima. Kisha mvua zikaanza, na mvua za huku zikianza hazijui kusema kwaheri.

Siku Mama Salome alipomleta daktari aione nyumba, mlango ukagoma. Tukasukuma watu watatu, wapi! Kuchungulia dirishani, sakafu imeinuka katikati kama tumbo la mwenye mapacha, imeubana mlango kwa chini.

"Mzee, umenijengea sakafu au kilima?"

"Mama, nyie wa bondeni hamna vilima. Nimekuletea kimoja."

Daktari alicheka. Mama Salome hakucheka. Alibeba sanduku langu la vifaa, na randa ya marehemu baba imo ndani, akalifungia stoo. "Litatoka sakafu ikilala." Nikamuuliza nitailazaje bila randa. Basi ikawa naazimwa asubuhi, narudisha jioni, kama mtoto na kalamu ya shule. Ningekujaje, mke wangu? Fundi arudi kwake mikono mitupu, wakwe wamkute kama mpiga soga tu?

Aliyeniokoa ni jirani, Mzee Daudi, Mndamba mchonga mitumbwi. Alikuja kutazama kilima bure.

"Fundi, huko kwenu mti ukikatwa unakufa?"

"Unakufa."

"Huku unakufa, kiu yake haifi. Mtumbwi wangu ukikaa juani unapasuka, nikiurudisha mtoni unajifunga wenyewe. Mbao zako zimekunywa, zikakosa pa kukaa, zikasimama."

Unajua sipendi kufundishwa. Hata mwalimu wa darasa la tatu nilimshinda. Lakini nilizing'oa zote. Nikazipiga randa kandokando na kuzipanga upya zikiwa zimeshiba, nikaacha nafasi ya kidole ukutani na kuifunika kwa ubao mwembamba. Kiangazi zitaachana kidogo. Mpangaji atapoteza sindano, si mguu. Jikoni na bafuni nimemshauri matofali ya kuchoma: udongo ukilichezea moja, unaling'oa na kulirudisha.

Juzi Mama Salome alivua viatu, akapita chumba kwa chumba, akarukaruka, na ujue ana mwili. Sakafu haikulia. Sanduku sasa liko chini ya kitanda changu.

Basi nakuja, wakwe watanikuta. Naleta na ule mlango wa mninga niliokuahidi mchwa walipoula wa kwanza. Ila usimwite shemeji aupachike siku hiyohiyo. Umekunywa mvua za Ifakara. Ukipachikwa hivyo, kwa ukame wetu utasinyaa, wakwe watuchungulie tukiwa kitandani. Tuuegemeze ukutani kwanza, uzoee.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, mwambie naitoa nikiwa mbali kama adabu inavyotaka. Mdogo wako mshona nguo msalimu, na jirani anayetuchungia mbuzi mwambie nakumbuka idadi yao. Tabitha mwambie baba anakuja.

Nami ni kama huo mlango. Miezi sita bondeni nimelowa, nimevimba, maneno yamezidi. Nikifika, niegemeze ukutani siku mbili tatu kabla hujaanza kunipigilia misumari.

Katekista, hapo kohoa.

Ni mimi mumeo,
Baba Tabitha