Robinet tatu mupya za Bulengera

Élise, sikia yenye imefikia Séphora, ingénieur wetu ya maji, sasa hivi ku Bulengera.

Zamani ndoo ilijaa ku source, pale maji inatokea ku udongo, kwa sekunde kumi. Mvua imepunguka: juzi amepima, ni sekunde arobaini. Tuyau yenye inaleta maji ni ya wakati ya Babelgi. Akaandikia comité ya maji: hapana kuongeza robinet.

Leo bamezindua tatu. Tatu! Pasteur ameomba, bamama bameimba. Ya kwanza imetoa maji, ya pili matone, ya tatu upepo tu.

Président ya comité akageukia Séphora mbele ya batu: «Ingénieur, umefunga maji wapi?»

Eti yeye!

«Papa, nilikuandikia.»

«Barua haileti maji, mama.» Bakacheka.

Mais robinet ya maternité, fasi bamama banazalia, kule chini ku tuyau ileile, imekauka. Comité imeamua palepale: kuongezea maternité robinet mupya, ya ine.