Homa ya Mke Mwenzangu

Baba Mejumaa,

Salamu nakuletea kila siku nikimaliza kuswali, kwa hivyo leo sitaanza nazo. Nitaanza na habari. Mke mwenzangu alishikwa na homa, akatibiwa, na sasa amepona.

Usicheke. Ni wewe uliyenifanya niiite hivyo hiyo pikipiki yako. Mwanamume anaamka, hajanywa hata chai, anatoka uani kulipapasa tangi na kuiuliza imeamkaje. Mimi niliyelala ubavuni mwako hukuniuliza. Nikasema basi, nimeletewa mke mwenza wa chuma, na jina likabaki.

Sasa tumebaki wawili, mimi na yeye, na tunaelewana kuliko ulivyodhania. Tangu nitoke eda, mikate naipeleka mwenyewe. Ndiyo, mwenyewe! Ile mikate ya sinia uliyokuwa ukiisambaza kwenye vibanda vya chai vya wafanyakazi wa hoteli kule Diani bado inafika ikiwa na joto lake. Naipanga kwenye kreti, nafunika kwa kawa, navaa suruali ndani ya dera, nasema bismillahi, tunatoka Msambweni. Siku ya kwanza majirani walisimama milangoni kunitazama kama wanatazama harusi. Siku hizi wananituma sabuni Ukunda.

Homa ilianza wiki ya tatu. Nilikuwa naelekea Diani, nikahisi pikipiki imekuwa nzito, kama kwamba kuna mtu mnene amepanda nyuma bila kuniambia. Nikiongeza mafuta inanung'unika tu. Nilipofika karibu na Gazi nikasikia harufu ya kuungua, kama mpini wa sufuria uliosahauliwa juu ya moto. Nikasimama kando ya barabara. Nikafanya vile ulivyokuwa ukifanya kila ukirudi nyumbani, nikasogeza mgongo wa kiganja kwenye kile kikombe cha katikati ya gurudumu la nyuma. Sikuweza hata kugusa. Joto lilinirudisha mkono.

Sikujua la kufanya, nikachukua kawa nikaanza kulipepea gurudumu. Hebu nione hapo, Baba Mejumaa. Mjane mzima amechutama kando ya lami anapepea pikipiki. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo akaniuliza, "Mama, wampepea nani?" Nikamjibu, "Mke mwenzangu." Akaongeza mafuta akaenda zake.

Habari hiyo, bila shaka, ilifika Msambweni kabla yangu. Jumanne jioni kaka yako Hamadi akaja. Unamjua, hakai mpaka aseme. Akasimama pale penye kizingiti akaniambia, "Shemeji, wewe waendesha huku umekanyaga breki. Wanawake ndivyo mlivyo, mkiogopa mwakanyaga." Nikafungua kinywa nimjibu lake, kisha nikamtazama macho. Akateremsha sauti. "Mwaka huu nimeshazika mmoja. Sitaki kukuzika na wewe. Ijumaa nitakuja kuichukua pikipiki, tuiuze yaishe."

Nilimwacha aende zake, na unajua hiyo si tabia yangu. Ni kwa sababu niliona huenda anasema kweli. Unaikumbuka ile Jumapili kwenye uwanja wa shule? Mimi juu ya pikipiki, wewe unanikimbilia nyuma, ndala umezishika mkononi, unapiga kelele, "Mguu juu, Mama Mejumaa! Mguu juu!" Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeizoea breki kama kigoda. Ukanieleza kwamba hata ukiikalia kidogo tu, ndani inasugua njia nzima, na kinachosugua kinaungua. Ulinieleza mara nyingi sana. Nilikuwa nakukasirikia. Leo ningekupa chochote unikemee tena.

Jumatano na Alhamisi asubuhi niliendesha mguu nimeuning'iniza hewani kabisa, mpaka muundi ukaniuma nikawa naswali kwa shida. Homa iko pale pale. Alhamisi, nikiwa nimemaliza kugawa mikate Diani, nilikaa juu ya kreti tupu nikalia. Sikulilia biashara, ingawa bila pikipiki mikate ingerudi kuwa ya kuuzwa barazani kwa majirani wawili watatu. Nililia kwa sababu kila kitu chako kingine kimetulia. Kanzu yako imetundikwa, haiendi popote. Hii peke yake ndiyo inayoniamsha na kunitoa nyumbani, na kesho yake Hamadi alikuwa anaichukua, na kosa lingekuwa la mguu wangu mwenyewe.

Nikaenda kwa Wambua. Yule fundi Mkamba wa Ukunda uliyekuwa ukigombana naye juu ya mpira kila mkionana. Nikamwambia yote, habari ya mguu, ya breki, ya shemeji. Akanisikiliza huku anakuna kidevu kwa spana. "Mathe, hiyo stori ya mguu tuiweke kando kwanza," akasema. Akaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likawa linaelea. Akalizungusha kwa mkono. Likaenda nusu mzunguko, likasimama. Akalizungusha tena. Likasimama tena.

Akanigeukia. "Na sasa ni nani amekanyaga?"

Nikatazama miguu yangu. Yote miwili ilikuwa chini, juu ya mchanga wa Ukunda, hatua nne kutoka kwenye hiyo breki. Wallahi nilitaka kumkumbatia yule mtu.

Akalegeza nati, gurudumu bado zito. Basi akalitoa, akanionyesha ndani. Mna pedi mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, na katikati yake kijiti cha chuma. Ukikanyaga, kijiti kinageuka, kinazisukuma pedi zikabane. Ukiachia, springi zinazirudisha. Cha kwetu kilikuwa kinageuka lakini hakirudi. Kilikuwa kimeshikwa na kutu, chekundu kama kipande cha tofali.

"Hii ilikuwa imelala wapi?" Wambua akauliza. "Ililala ikiwa kavu ama na maji?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na uso ukanishuka. Baba Mejumaa, ni mimi. Tangu ile asubuhi uliyolala usiamke, miezi minne na siku kumi nilikaa ndani ya nyumba yako, sina pa kwenda, sina cha kukufanyia. Kila Ijumaa nilitoka uani na ndoo na sabuni, nikaiosha pikipiki kama ulivyokuwa ukiiosha wewe, mpaka kwenye zile pembe ambazo ulikuwa ukizisafisha kwa mswaki mkuukuu. Kisha naipangusa, naifunika turubali, nairudisha bandani. Nilikuwa najiona nimekutunzia. Kumbe nilishika nusu ya kazi yako. Wewe ukishaiosha ulikuwa unavaa kanzu unaipanda unaenda nayo msikitini, na humo njiani breki inakanyagwa, pikipiki inapigwa na upepo, inakauka. Mimi niliifunika na maji yake ndani, na hewa yetu hii ya chumvi, Ijumaa baada ya Ijumaa. Niliipenda mpaka ikashika kutu.

Nilimwambia Wambua hivyo hivyo, kwa aibu. Akaacha kufuta mikono. "Mathe, hapo hakuna makosa," akasema. "Ilitaka tu kutembezwa."

Kijiti akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, akakipaka grisi kidogo, akaniapia kwamba ni kidogo tu, maana ikizidi inafika kwenye pedi na breki haishiki tena. Springi akaweka mpya. Pedi nazo mpya, za zamani zilikuwa zimeungua zikawa ngumu kama kigae. Akarudisha gurudumu, akalizungusha. Likaenda, likaenda, mpaka tukaacha kulitazama tukaanza kuzungumza mengine. Ameniambia nikusalimie. Na kwamba timu yako bado inafungwa.

Ijumaa Hamadi alikuja kweli, na kanzu yake na kofia, mkono tayari kupokea ufunguo. Akanikuta na ndoo. Nikamwambia, "Shemeji, shikamoo. Keti kwenye kiti cha nduguyo nimalize." Nikaisuuza, nikaipanda ikiwa bado inachuruzika, nikaenda nayo mpaka njia ya Milalani na kurudi. Niliposimama mbele yake nikamwambia aguse. "Mgongo wa kiganja, si vidole."

Akainama akagusa. Palikuwa na uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Lakini mkono hakuuondoa. Aliuacha pale muda mrefu kuliko mtu anayepima joto, na mimi nikajitia kutazama upande wa banda, maana nadhani naye alikumbuka ni nani aliyekuwa akifanya vile.

Kisha akatazama saa, akahamaki. Alikuja kwa miguu, kwa sababu nia yake ilikuwa kuondoka na pikipiki, na sasa adhana ingemkuta njiani. Sikumpa ufunguo. Nikaweka kreti tupu katikati ya kiti, heshima ikae mahali pake, nikamwambia, "Panda." Akatazama barabara. Akatazama majirani, nao walikuwa wameshatoka milangoni. Akapanda. Kofia kaishika kwa mkono mmoja, chuma cha nyuma kakishika kwa mwingine, na tulipokaribia lile tuta la msikitini akapiga ukelele, "Mguu, shemeji!"

"Uko juu," nikamwambia.

Aliposhuka akajifuta vumbi, akapiga hatua mbili, akarudi. Habari ya ufunguo hakuitaja. Aliniuliza Ijumaa ijayo nitapita kwake saa ngapi.

Basi hiyo ndiyo habari. Mejumaa ameanza kazi Kwale, anakuombea dua. Mimi ni mzima, na nikueleze ukweli, nina furaha, na mwanzoni nilikuwa naona haya kukwambia. Lala kwa amani, mume wangu, Mola akupe nafasi pana huko uliko. Ninakuahidi hili moja: sitaiosha tena nikaifunika. Nikiiosha nitaiendesha mpaka ikauke, na mimi nitakuwa juu yake.

Mkeo,
Mama Mejumaa

Mke mwenzangu yuko uani. Nimetoka kumgusa sasa hivi. Amepoa.