Nisiwe Dada wa Mwanangu

Gando, Wete,
Pemba.
Alhamisi, 12 Juni 2025

Kwa mpendwa Shangazi Mardhiya,

Sasa hivi Maha ametambaa kutoka mkekani mpaka miguuni pangu, kashika pindo la kanga, kaniangalia usoni, kasema, "Mma." Mara ya kwanza, Shangazi! Ana miezi kumi. Kabla sijamjibu, Mama kamnyanyua kamgeuza upande wake. "Mama ni mie hapa. Yule dada. Sema, dada Radhiya."

Nisamehe nimeanza na hilo hata salamu sijatoa. Assalaam alaykum. Hujambo? Presha inaendeleaje, na lile goti? Sisi afya tunayo, alhamdulillahi. Baba tu kakonda, na mwenye kumkondesha ni mie.

Unajua Maha nilimzaa sina ndoa. Haroub, baba yake, yule fundi baiskeli wa Ole, alikuja mara mbili na mama yake kuniposa. Baba hakuwakaribisha hata barazani. Alisema hamuozi binti yake mtu aliyeingia bila ya hodi. Hilo nilimeza, maana kosa tulifanya sisi.

La sasa halimezeki. Jumatatu Baba anakwenda kwa sheha kuomba barua ya cheti cha kuzaliwa cha Maha. Anataka aandikwe yeye ndiye baba, na Mama ndiye mama. Mie niwe dada. Sheha wetu mgeni, bado hajatujua vyema, ataamini neno la mtu mzima. Na kadi ya kliniki ina jina la Mama: mie nilikuwa ndani ya arobaini, yeye ndiye aliyempeleka Maha chanjo ya mwanzo, na alipoulizwa jina la mama akataja lake. Maha alizaliwa nyumbani, karatasi nyengine hakuna.

Nilimuuliza, "Baba, huo si uongo?"

"Huo sitara," akanijibu. "Akiwa binti yangu, skuli hapana atakayemcheka. Na weye bado mdogo, utaolewa."

Alisema kwa upole, Shangazi, na upole ndio ulioniliza. Angenipiga ningejua la kufanya.

Wiki iliyopita niliaga nakwenda sokoni Wete, nikaingia ofisi ya usajili. Skuli niliishia njiani, maneno ya ofisini sina, nikasema tu: mtoto wangu baba yake yupo, hatujaoana, na anamkubali. Yule bibi wa dirishani hakunicheka. Akasema mie mama naweza kumwandikisha mwanangu. Ila jina la baba haliandikwi kwa kutajwa na mie peke yangu. Haroub aje mwenyewe, kwa hiari yake, na kitambulisho chake, tusimame pamoja, akiri mtoto ni wake, tutie saini sote wawili. Nikauliza, na akishaandikwa kwa watu wengine? Akavua miwani. "Hapo mwanangu, kufuta ni mahakamani."

Nikatoka hapo mpaka Ole. Haroub mikono imejaa grisi, akaniambia, "Mtoto wangu mie, niogope karatasi? Saini yangu kama kuku kaparura, lakini nitaitia. Siku uitakayo." Ila Baba nilipomweleza kaapa: nikienda ofisini na Haroub nisirudi kwake, na Maha hatoki.

Mambo ya nasaba na mirathi yana kadhi wake, mie sijidai kujua. Nataka tu Maha akisoma cheti chake aone kazaliwa na nani. Nataka akiugua niulizwe mie. Sitaki ifike siku ataniita dada naye anaamini.

Baba hamsikilizi mtu ila weye uliyemlea. Simu yangu kaichukua, ndiyo maana naandika. Barua atakuletea Bi Mwatum jirani, anapanda boti ya Tanga kesho. Mpigie kabla ya Jumatatu. Nakuomba, nakushika miguu. Usimgombeze, ananipenda. Mwambie asubiri, amwite Haroub amsikilize. Ndoa akitaka aikatae, lakini mwanangu aniachie.

Nisalimie wote hapo nyumbani, Mzee Kificho, na Shadya na Yussuf. Maha anakubusu mkono. Mola akupe uzima, na ulimi wa kumlainisha nduguyo.

Mwanao akupendaye sana,
Radhiya

Shangazi, bahasha sijaifunga. Kadi ya kliniki ya Maha nimeitia humu ndani. Chanjo ya miezi tisa keshadungwa, kukaa bila ya kadi hakutamdhuru. Najua nimefanya vibaya, lakini bila ya kadi Baba hana cha kumwonyesha sheha. Ihifadhi mpaka mzungumze, na akikuuliza usimfiche.

Baba karudi kutoka msikitini. Anauliza kadi ya mtoto. Mama anamjibu imo kabatini, nasikia wanafungua. Bi Mwatum yupo mlango wa uani kanyoosha mkono apokee bahasha. Baba anaita, "Radhiya! Njoo hapa!" Naenda, Shangazi. Ukimpigia mwambie mie si kwamba namvunjia heshima, ni kwamba Maha