Jitu Lenye Jina la Baba Mkwe

Nzilani, wacha chenye unafanya usome hii. Mwikali amekwama.

Unakumbuka Ndunda, lile jitu alianza kuandika tukiwa form two? Mwanzo lilikuwa linaiba mbuzi tu. Likaota pembe, likameza mto, siku hizi ni mfalme anayekula watoto wake.

Leo nimemsindikiza mpaka Kathiani, kwa wazazi wa bwanake, Kyalo. Baba mkwe akasimama: "Karibuni. Mimi naitwa Ndunda."

NDUNDA!!! Kyalo humwita Mzee tu, sasa Mwikali angejuaje? Soda ilimmwagikia kwa tumbo. Na si unajua ana mimba, mtoto ni wa kiume, na kijana wa kwanza lazima apewe jina la babu yake.

Kumbe mzee amesoma vitabu vyote vya Mwikali! Eti, "Hapa nyumbani hata kuku haziniogopi. Kwa kitabu mji mzima unanikimbia. Asante, mwanangu."

Watu wakacheka. Mwikali alikuwa anatafuta mlango kwa macho.

Halafu mzee akamuuliza, "Hadithi ya mwisho inatoka lini? Nataka nimsomee Ndunda mdogo."

"Hivi karibuni, baba. Iko kwa printa."

Na kweli iko kwa printa, Nzilani, inachapwa. Hakuna kurudi. Ameninong'onezea sasa hivi vile inaisha: Ndunda anamla mjukuu wake.