Vipande Tisa vya Mpimaji

Dada yangu,

Katika ukoo wetu mzima hakuna kichwa kinachochemka kama changu, na wewe na vyeti vyako usinune. Nimeishia darasa la sita, lakini nimeona ubongo wa mtu ukipimwa bila kisu wala mashine!

Nilimpeleka baba hospitali. Mpimaji ni mama mmoja mpole mwenye penseli, saa na vipande tisa vya rangi. Akasema, "Mzee wangu, vipange kama picha hii." Baba, seremala wa miaka arobaini, akavigeuza weee, picha haikutokea, mwishowe akamchekea yule mama: "Mwanangu, mbao zako zimepinda."

Yule mama alitazama vidole vya baba tu. Kisha akaniambia huenda sehemu ya nyuma ya ubongo imeanza kuchoka, kana kwamba ameingia mle kichwani na taa. Nilisisimka mwili mzima, dada.

Akanipa karatasi ya maswali. "Mimi nimemwona saa moja tu. Ya nyumbani unayajua wewe, kijana." Je, hupotea njia? Husahau watu wake?

Baba alikuwa ananitazama. Nikajaza hapana, hapana, hapana.

Basi yule mama akasema, kama nyumbani yuko sawa, tusubiri mwaka. Ndipo nikakupigia simu kwamba mzee ni mzima, usijisumbue kuja.

Dada, mwezi huu amepotea njia tena, mara mbili. Juzi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimdanganya yule mama, nikakudanganya na wewe. Njoo.

Mdogo wako, kitinda mimba