Mama Akisifu, Baba Hukanyaga Breki

Mpendwa Bi Masuyo,

Kuna "Lo!" moja isiyonitoka masikioni, na ndiyo iliyonileta kwako kuomba msaada. Kila vuli wazazi wangu hupanga kijumba kilekile cha mbao kwenye pwani ya Tango, na mwaka huu wakanialika, nami nikachukua likizo nikatoka Osaka kwa treni, kwa sababu nawapenda na kwa sababu siku hizi nikikaa peke yangu na mawazo huishia kuwawaza wao. Kazi yetu hapa ni moja tu: asubuhi baba hupasha injini moto, mama hufunga matonge ya wali kwa mwani, mimi hukaa kiti cha nyuma na chupa ya chai, kisha tunaifuata barabara ya ufukweni polepole mpaka njaa itushike.

Mama husifu kila kitu. "Lo! Baba, tazama lori la samaki linavyong'ara, linaingia barabarani." "Lo! Bibi yule na mwavuli wake wa zambarau, anavuka kama malkia." Baba hucheka: "Umezeeka ukawa redio, Kinuyo." Naye hujibu: "Redio ya bure, usiizime." Nilikuwa nawasikiliza kwa haya, kama mtu anayesikia mapenzi yasiyo yake, mpaka Alhamisi nilipotambua kwamba kila mama akisema "Lo!" mguu wa baba huenda kwenye breki, na kwamba mama hajasifu bahari hata mara moja, Bi Masuyo, hasifu milima wala mawingu, husifu vilivyo barabarani tu.

Siku hiyohiyo baada ya kula mama alisinzia, maana dawa zake mpya za mgongo humlegeza, na mbele yetu pembeni mwa kivuko alikuwa amesimama mtoto wa shule mwenye kofia ya njano, ameinua mkono kama watoto wa huku walivyofundishwa, akaanza kuvuka na gari letu halikupunguza mwendo, nami nikausikia mdomo wangu ukisema, "Lo! Baba, kofia nzuri ile ya njano!" Akafunga breki, chai ikamwagika, mtoto akavuka, akageuka akatuinamia kushukuru kama wafanyavyo wote, na baba akauliza kwa sauti ndogo, "Ameshavuka?"

Jioni nilimbana mama tukiosha vyombo. "Ni presha ya macho," alisema. "Pembeni haoni tena, na daktari amesema kilichopotea hakirudi. Lakini ukimwondoa kwenye usukani, mwanangu, atakaa nyumbani autazame ukuta. Mimi ndiye macho yake. Tumezoea."

"Na ukilala?"

"Silali."

"Leo umelala, mama."

Akaendelea kuikausha sahani iliyokuwa imekauka zamani.

Baba ni mtu aliyekataa hata kubandika kile kibandiko cha majani manne cha madereva wazee. Mimi leseni ninayo tangu chuoni, ila kama wenzangu wengi nimeifanya kitambulisho, sijagusa usukani tangu siku ya mtihani. Nikisema, naua furaha pekee waliyobaki nayo. Nikinyamaza, namwona yule mtoto kila nikifumba macho. Nifanyeje?

Binti wa Kiti cha Nyuma

*(Barua hii tuliijibu mara moja, kabla ya kuichapa.)*

Binti,

Pole, na mama yako nimempenda. Sasa kaa wima nikukaripie. Baba yako alikuuliza "Ameshavuka?" nawe badala ya kumjibu ukaniandikia mimi. Mtu anayeuliza hivyo anajua. Anangoja mwenzake aliseme neno lenyewe.

Mapenzi ya mama yako siyacheki, lakini mapenzi hayo husinzia baada ya chakula, na yule mtoto hakuwa na kinga nyingine ila mkono wake. Unaogopa kuua furaha? Angalia vizuri ni nani angeuawa.

Usifiche funguo, baba yako si mtoto. Usipeleke habari kwa ndugu wakaja kumzunguka kama kesi. Kesho, kabla injini haijawashwa, kaa naye kizingitini mkivaa viatu, mama akisikia. Mwambie ulichokiona, na kwamba uliogopa. Kisha funga mdomo umwache aseme. Leseni akairudishe polisi kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Na wewe, toa hiyo yako pochini! Humwambii mzee ashuke kwenye usukani kama huna nia ya kupanda wewe.

Masuyo

Bi Masuyo,

Nilimwambia nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Baba alifunga kamba za viatu vyake taratibu. "Unadhani sijui?" akasema. "Huyu mama yako nilimchumbia mwaka mzima nikimwomba neno moja. Leo ghafla anasifu malori? Nilijua. Ila niliona nikiacha kuendesha, atanyamaza tena."

Nyuma yetu mama alikuwa analia. "Mjinga wewe," akamwambia. "Si ungeniomba tu."

Leseni ameirudisha mwenyewe. Nilimpeleka mimi, kwa mwendo wa kobe, jasho likinitoka hadi kwenye vidole. Tulipotoka kituoni akataka tusimame dukani, akarudi na kibandiko cha kijani na njano cha madereva wachanga. "Mimi cha wazee nilikikataa," akasema, "lakini wewe hiki hukikwepi." Akakibandika mbele ya gari, kimepinda kidogo, nami sikukinyoosha.

Leo asubuhi nimeendesha mimi, wao wawili nyuma na matonge yao ya wali. Tulipokata kona ya mwamba mama akasema, "Lo!" na mguu wangu ukaruka kwenye breki, gari likasimama katikati ya barabara tupu.

Alikuwa anasifu bahari.