Jibu la "Natania Tu"

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Najua umenizidi miaka, ila babu yako wa ukoo ni mimi, tena babu ambaye akipita Mikumi na bodaboda hata twiga wanageuza shingo. Mama yako huko Kilosa hajambo, ameshavuna mpunga.

Umeniuliza umjibu nini mwanachuo anayetoa mzaha kisha anasema "natania tu", pale unapojitolea kuwaelimisha wenzako kuhusu maisha ya wanaopenda watu wa jinsia yao. Hapo umemuuliza fundi, hata kama niliishia la saba.

Kijiweni nina mtani wangu, Hamisi. Siku moja nikampigia kelele, "We Hamisi, mchumba wako ana ndevu nini, mbona humleti?"

"Anazo," akasema, "tena kuzidi hizo zako tatu."

Kijiwe kizima kikacheka, mimi zaidi.

Wenzetu walipoondoka na abiria, akanisogelea taratibu. "Na kama ni kweli?"

Nikamjibu, "Acha hizo bwana, nilikuwa natania tu."

Basi mwulize huyo mwanachuo kama Hamisi alivyoniuliza, halafu usubiri. Mimi nilipoulizwa nilikimbilia kujibu. Siku hizi Hamisi ananisalimia kila asubuhi, kwa heshima zote, na hajanitania tena.

Babu yako,
Yohana